Mtoto Asiyeandikwa Jina: Maisha ya Padre Augustine Tolton

Katika kutayarisha kijitabu hiki cha Yubile tulilazimika kufungua vitabu vya kale vya parokia zetu, yaani vile vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu. Vitabu vile vimechakaa. Wino wa kurasa nyingine umefifia hata kusomeka kwa shida, na mchwa nao wamepata fungu lao. Lakini tulipokuwa tukipitisha kidole mstari kwa mstari, jambo moja lilituingia moyoni. Kwa watu wengi wa zamani, mstari ule mmoja ndio ushahidi wa pekee uliobaki ya kuwa walipata kuishi duniani. Hawana picha, hawana barua, wala makaburi yao hayajulikani. Lakini jina limo, na jina la baba, na la mama, na la msimamizi wa ubatizo.

Kwa ajili hiyo tumeona vema kuwasimulia habari za mtu mmoja ambaye siku ya ubatizo wake jina lake halikuandikwa. Yeye si mtu wa nchi zetu. Alizaliwa Marekani, katika nchi zile za katikati zinazopitiwa na mto mkubwa Mississippi, naye alikuwa mwana wa watumwa. Jina lake ni Padre Augustine Tolton, na wengine huliandika Augustus. Ndiye padre wa kwanza wa Marekani aliyejulikana na watu wote kuwa ni mtu mweusi. Tutafuata maisha yake kama wafuatavyo wale watafutao habari za wazee wao, yaani kwa kupita katika vitabu vya kanisa, daftari za serikali, na masimulizi ya jamaa.

KITABU CHA BRUSH CREEK

Katika nchi ya Missouri, wilaya ya Ralls, pana kijiji kiitwacho Brush Creek. Hapo walikaa Wakristu Wakatoliki waliotoka Kentucky kutafuta mashamba mapya, nao walikuja na mali zao zote: ng'ombe, farasi, vyombo vya nyumba, na watumwa. Kanisa lao liliwekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Petro. Mabwana na watumwa walisali katika kanisa hilo hilo moja, wakapokea sakramenti zile zile, kisha wakarudi shambani, mmoja kuamuru na mwingine kuamriwa.

Mama yake Augustine aliitwa Martha Jane Chisley. Alizaliwa Kentucky. Bibi wa nyumba ya Elliott alipoolewa, msichana huyo alikuwa sehemu ya mali ya arusi, naye akatengwa na wazazi wake akapelekwa Missouri. Hapo aliolewa na Peter Paul Tolton, mtumwa wa shamba la jirani, la jamaa ya Hager. Ndoa yao ilikuwa ndoa mbele ya Kanisa, lakini mbele ya sheria ya nchi haikuwa kitu, kwa kuwa mtumwa hakuwa na haki ya kufunga mapatano yo yote. Tena sheria ilisema ya kuwa mtoto hufuata mama. Kwa hiyo kila mtoto aliyezaliwa na Martha alikuwa mali ya bwana Stephen Elliott, hata kama baba yake alikaa shamba jingine.

Augustine alizaliwa tarehe 1 Aprili 1854, akabatizwa tarehe 29 Mei mwaka ule ule. Bibi wa nyumba ndiye aliyemsimamia. Ubatizo huo uliandikwa kitabuni, lakini aandikaye hakuweka jina la mtoto. Aliandika ya kuwa ni mtoto mweusi, akaandika siku aliyozaliwa, kisha akaandika ni mali ya nani. Mtoto aliyekwisha kufanywa mwana wa Mungu kwa maji na kwa maneno matakatifu, katika karatasi alihesabiwa kama ndama aliyezaliwa zizini.

Mtu asidhani ya kuwa kosa hilo lilikuwa la mwandishi mmoja tu. Ndiyo iliyokuwa desturi ya nchi nzima. Serikali ya Marekani huhesabu watu wake kila baada ya miaka 10. Katika hesabu ya mwaka 1850 na ya mwaka 1860, watumwa waliandikwa katika daftari mbali. Juu liliandikwa jina la bwana. Chini yake yaliandikwa miaka ya kila mtumwa, kama ni mume au mke, na rangi ya mwili wake. Majina hayakuandikwa, ila mahali pachache sana. Hesabu ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza iliyowataja kwa majina watu wote waliotoka utumwani. Ndiyo sababu hata leo wajukuu wa watumwa, wakitafuta habari za babu zao, hufika mwaka 1870 na kukuta njia imekatika kama mbele ya ukuta. Hulazimika kurudi kwenye karatasi za mabwana, yaani wasia, hati za mauzo na orodha za mali, wakitafuta wazee wao katikati ya majembe na nyumbu. Na mara nyingine hupata msaada katika vitabu vya ubatizo, navyo huwa na pengo kama lile la Brush Creek.

KUVUKA MTO

Mwaka 1861 vita vilizuka Marekani kati ya nchi za Kaskazini na nchi za Kusini, na chanzo chake kikubwa kilikuwa utumwa. Nchi ya Missouri haikujitenga na Kaskazini, lakini utumwa ulibaki halali humo hata Januari 1865. Baba yake Augustine, Peter Paul, alitoroka shambani akaenda kujiunga na majeshi ya Kaskazini. Hakurudi tena. Alikufa kabla vita havijaisha, na mkewe alikuja kupata habari hiyo baadaye.

Jinsi Martha na watoto wake walivyopata uhuru, habari zake ni mbili. Wazao wa jamaa ya Elliott walisimulia ya kuwa bwana Stephen aliwaacha huru watumwa wake vita vilipoanza, akawapa ruhusa kwenda zao. Lakini Padre Tolton mwenyewe aliwasimulia rafiki zake na Wakristu wake habari nyingine. Kwa masimulizi yake, mama aliwachukua watoto usiku, naye Augustine akiwa na miaka 8 hivi, pamoja na kaka yake Charley na dada yao mdogo Anne aliyebebwa mikononi. Walikwenda kwa miguu hata Hannibal, mji ulio kando ya mto Mississippi. Huko wakamata-watumwa walitaka kuwarudisha, lakini askari wa Kaskazini wakawatetea na kuwapatia mtumbwi. Mama, ambaye hakuzoea kasia, alivuta mtumbwi ule hata ng'ambo, kwenye nchi ya Illinois ambako utumwa ulikatazwa.

Sisi tunaziandika habari zote mbili, kwa kuwa ndivyo impasavyo mtu anayekusanya habari za jamaa. Kila nyumba husimulia yale inayopenda kukumbuka. Lakini na tuseme hivi: yeye aliyekuwamo mtumbwini alikuwa na haki ya kusikiwa kwanza.

Kutoka mahali pale walikwenda maili kama 20 kuelekea kaskazini hata mji wa Quincy, ambako walikuwako watu weusi walio huru. Huko wakaanza maisha mapya bila baba, bila mali, na bila kujua kusoma.

TUMBAKO NA SHULE

Martha alipata kazi katika kiwanda cha tumbako, na watoto wake wakafanya kazi pamoja naye, wakikunja sigara tangu asubuhi hata jioni. Haukupita muda mrefu Charley akaugua, akafa angali mtoto. Augustine akabaki mwanamume wa pekee wa nyumba ile.

Mama huyo hakujua herufi, lakini alitaka sana mwanawe asome. Kwanza alimpeleka katika shule ya parokia ya Mtakatifu Bonifasi, iliyokuwa ya Wakristu wenye asili ya Ujerumani. Wazazi wazungu wakanung'unika kwa kuona mtoto mweusi ameketi pamoja na watoto wao. Watoto wakamdhihaki, na vitisho vikapelekwa kwa mapadre na masista. Muda si muda mama akamtoa shuleni, mtoto akarudi kiwandani.

Hapo ndipo Padre Peter McGirr alipotokea. Huyo alikuwa mtu wa Ireland, nchi ambayo watu wake nao walikwisha kuonja njaa na dharau. Alikuwa paroko wa Mtakatifu Petro katika mji huo huo wa Quincy. Alipomwona kijana Augustine alimwita asome katika shule ya parokia yake wakati wa baridi, kiwanda kinapofungwa. Wakristu wake nao walinung'unika kama wale wa kwanza, lakini Padre McGirr alikataa kabisa kubadili shauri lake, akawafundisha mimbarani ya kuwa neno lake ndilo hilo. Masista wakamlinda kijana, naye akasoma kwa bidii.

Walimu wetu, hebu lifikirini jambo hili. Shule mbili zilikuwa katika mji mmoja, za imani moja, zenye katekisimu moja. Katika shule ya kwanza mtoto alifukuzwa kwa makelele ya watu. Katika ya pili alibaki, kwa kuwa mtu mmoja mwenye amri hakuyaogopa makelele. Katekisimu ilikuwa ile ile shuleni mote muwili. Tofauti ilikuwa ujasiri wa padre.

Augustine alijifunza kutumikia Misa, na kila siku mapema, kabla ya kwenda kiwandani, alikuwa kanisani. Padre McGirr aliona ya kuwa kijana huyu ana wito wa upadre. Basi mapadre wa mji wakaanza kumfundisha Kilatini na masomo mengine saa za jioni baada ya kazi. Alijua pia kusema Kijerumani vizuri, kwa kuwa alikaa kati ya Wajerumani wa Quincy. Na mwaka 1878 Wafransisko wakampokea katika koleji yao ya Mtakatifu Fransisko Solano, ambayo leo ni chuo kikuu cha Quincy.

MILANGO ILIYOFUNGWA

Lakini koleji si seminari. Ili awe padre ilimpasa kupata seminari ya kumpokea, na kwa ajili hiyo mapadre waliompenda waliandika barua huku na huku. Seminari zote walizoziandikia katika Marekani zilikataa.

Wasomaji wengine watauliza: je, kabla yake hapakuwa na padre ye yote mwenye damu ya Kiafrika katika nchi ile? Walikuwapo. James Augustine Healy alipata upadre huko Paris mwaka 1854, mwaka ule ule aliozaliwa Tolton, na ndugu zake wawili wakamfuata. Baba yao alikuwa mwenye shamba kutoka Ireland, mama yao alikuwa mtumwa. Lakini rangi yao ilikuwa karibu na ya wazungu, na watu wengi hawakuwahesabu kuwa weusi. Augustine Tolton hakuwa na namna ya kujificha, wala hakutaka. Kila amwonaye alijua wazee wake walitoka bara gani.

Miaka ikapita. Kijana akawa mtu mzima wa miaka 25, angali akingoja. Mchana alifanya kazi za mikono, na wakati wake mwingine aliwafundisha dini watoto weusi wa mji. Wengine wangekata tamaa, au wangekasirika na kuliacha Kanisa. Yeye hakufanya hivyo. Alingoja, akisoma.

Mwishowe barua zikapelekwa Roma, kwa Propaganda, yaani idara ile ya Kanisa iliyosimamia misioni zote za dunia. Huko ilikuwako koleji iliyoanzishwa na Baba Mtakatifu Urbano wa Nane mwaka 1627 kwa ajili ya vijana wa nchi za misioni. Roma ikamkubali. Mwaka 1880 Augustine akapanda meli kuvuka bahari.

ROMA

Katika koleji ya Propaganda aliishi na vijana wa mataifa mengi, weupe kwa weusi, na watu wa mashariki ya mbali. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikaa meza moja na wenzake bila mtu kuuliza kwa nini yuko hapo. Alijifunza Kiitalia, Kilatini, Kigiriki, falsafa na teolojia. Kwa desturi ya koleji hiyo, kila mwanafunzi aliapa kwenda kufanya kazi po pote atakapopelekwa. Augustine alitumaini kupelekwa Afrika, na kwa miaka 6 alijiweka tayari kwa kazi hiyo.

Tarehe 24 Aprili 1886, siku ya Jumamosi Kuu, alipewa upadre na Kardinali Parocchi katika basilika ya Mtakatifu Yohane wa Laterano. Kesho yake, siku ya Pasaka, alitoa Misa yake ya kwanza katika kanisa la Mtakatifu Petro.

Lakini Afrika hakupelekwa. Kardinali Simeoni, mkuu wa Propaganda, aliamua arudi Marekani. Shauri lake lilikuwa hivi: nchi ile inayojisifu kwa maendeleo, kama haijapata kumwona padre mweusi, basi sasa imwone. Kwa Padre Tolton neno hilo lilikuwa zito. Katika Afrika angekwenda kama mmisionari kati ya watu wasiomjua. Marekani alirudi kwa watu waliomjua vema, waliomfukuza shuleni, na ambao sheria yao ilimwandika zamani kama mali. Lakini alikwisha kuapa, naye akatii.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tukisoma mwaka huo 1886 hatuwezi kusahau ya kuwa ndio mwaka ambao Karoli Lwanga na wenzake waliuawa Namugongo, katika nchi ya Buganda, tarehe 3 Juni, majuma machache tu baada ya Padre Tolton kupata upadre. Bara alilotamani kulihudumia lilikuwa linatoa mashahidi wake mwenyewe.

KURUDI QUINCY

Tarehe 18 Julai 1886 Padre Tolton alitoa Misa kubwa katika mji wake wa Quincy. Kanisa lilijaa watu weupe na weusi, na mama yake Martha alikuwapo. Na kanisa lenyewe lilikuwa lipi? Lilikuwa la Mtakatifu Bonifasi, parokia ile ile ambayo shule yake haikuweza kumvumilia alipokuwa mtoto.

Akawekwa kuwa paroko wa kanisa la Mtakatifu Yosefu kwa ajili ya watu weusi. Sauti yake ya kuimba ilikuwa nzuri, na mahubiri yake yalieleweka. Kwa hiyo wazungu nao walianza kuja kusali kwake, na hapo fitina ikaanza. Padre mmoja mwenye cheo katika mji alichukizwa kwa kuona Wakristu wazungu na sadaka zao zikienda katika kanisa la watu weusi. Akamwamuru Padre Tolton awahudumie watu weusi tu, na wengine awafukuze. Upande mwingine watu weusi wengi wa mji walikuwa wa madhehebu mengine, na viongozi wao hawakufurahi kumwona. Basi akawa amebanwa pande zote mbili.

Hata hivyo sifa yake ilienea. Mwezi wa Januari 1889 Wakatoliki weusi wa Marekani walifanya mkutano wao mkuu wa kwanza katika mji wa Washington, na Padre Tolton ndiye aliyetoa Misa ya mkutano ule. Kwa wengi waliokuwamo, ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu wa rangi yao altareni.

Katika mwaka ule ule aliona ya kuwa Quincy hawezi kuendelea bila ugomvi, akaomba ruhusa kuhama. Askofu Mkuu wa Chicago, Patrick Feehan, akamkaribisha, na Desemba 1889 Padre Tolton akaingia katika mji ule mkubwa.

CHICAGO

Chicago Wakatoliki weusi walikuwa wachache, nao walisali chini ya kanisa la Mtakatifu Maria, katika chumba cha ardhini. Padre Tolton alipoanza kazi walikuwa kama 30. Baada ya miaka kadhaa walifika kama 600. Aliwatafuta katika nyumba za maskini upande wa kusini wa mji, akipanda ngazi mbovu, akiingia vyumba vyenye baridi na magonjwa, akiwafariji wagonjwa na kuwazika wafu. Watu wakamwita Padre Gus mwema. Mama yake na dada yake walimfuata, na mama akawa akimtunzia nyumba.

Kazi yake kubwa ilikuwa kujenga kanisa. Fedha zilipatikana kwa shida. Alisaidiwa na Katharine Drexel wa Philadelphia, mwanamke tajiri aliyeuacha utajiri wake akaanzisha shirika la masista kwa ajili ya watu weusi na Wahindi Wekundu, na ambaye Kanisa lilimtangaza kuwa Mtakatifu mwaka 2000. Katika miaka ya kwanza ya 1890 kanisa likafunguliwa, ingawa halikuwa limekamilika. Liliwekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Monika. Wasomaji wanajua ya kuwa Mtakatifu Monika alikuwa mwanamke wa Afrika, na mwanawe, ambaye Padre Tolton alichukua jina lake, aliitwa Augustino. Martha, mama asiyejua kusoma, alisali kila siku katika kanisa la mama mwenzake.

Tena tunakumbuka jambo dogo. Kazi mojawapo ya paroko ni kukitunza kitabu cha ubatizo. Basi yule ambaye jina lake halikuandikwa, sasa yeye mwenyewe ndiye aliyeshika kalamu na kuandika majina ya watoto weusi wa Chicago, kila mmoja kwa jina lake, na hakuna bwana wa kuandikwa pembeni.

KIFO CHAKE

Kazi nyingi zikamchosha mwili. Tangu mwaka 1893 hivi afya yake haikuwa nzuri, na mwaka 1895 ilimlazimu kupumzika kwa muda. Lakini alirudi kazini.

Julai 1897 joto kali liliwaka Chicago, nyuzi 40 za Selsio na zaidi, na watu wengi walianguka njiani. Padre Tolton alikuwa amekwenda Bourbonnais kufanya mafungo pamoja na mapadre wengine. Tarehe 8 Julai alirudi kwa gari la moshi, na alipokuwa akitembea kutoka stesheni akaanguka. Walimpeleka hospitali, na siku iliyofuata, tarehe 9 Julai 1897, akafa. Alikuwa na miaka 43, na katika hiyo miaka 11 tu ya upadre. Mama yake aliyemvusha mto alimzika mwanawe huyo pia, kama alivyomzika Charley.

Kwa kufuata matakwa yake, walimpeleka Quincy, wakamzika katika makaburi ya Mtakatifu Petro, mahali pa mapadre. Kaburi lake lilichimbwa kwenda chini kuliko desturi, na baadaye padre mwingine akazikwa juu yake.

MAMBO YALIYOFUATA

Kwa miaka mingi habari zake zilikumbukwa na wachache. Kanisa la Mtakatifu Monika halikukamilika kama alivyotaka, na kizazi kilichomjua kikapita. Ndipo mwaka 1973 sista mmoja, Caroline Hemesath, akatoa kitabu cha maisha yake, na watu wakaanza kutafuta tena. Wakavifungua vitabu vya Brush Creek na vya Quincy, wakaulizana habari, wakalinganisha masimulizi ya jamaa moja na ya jamaa nyingine.

Mwaka 2010 Kardinali Francis George, Askofu Mkuu wa Chicago, alitangaza nia ya kuanza kesi ya kumtaja kuwa Mtakatifu, na kazi hiyo ikasimamiwa na Askofu Joseph Perry, ambaye naye ni mtu mweusi. Desemba 2016 kaburi lake la Quincy lilifunuliwa, mabaki yake yakakaguliwa kwa heshima na kuzikwa upya. Na mwezi wa Juni 2019 Baba Mtakatifu Fransisko aliruhusu itangazwe ya kuwa Padre Tolton aliishi fadhila za Kikristu kwa ushujaa. Hiyo ni hatua kubwa katika njia ya kutajwa Mwenyeheri.

Na tazameni ajabu hii. Kesi kama hiyo haiwezi kwenda mbele bila hati. Lazima ithibitike mtu alizaliwa lini, alibatizwa wapi, wazazi wake ni nani. Basi mstari ule usio na jina, ulioandikwa Brush Creek mwaka 1854, ulikuja kuwa mojawapo ya hati zinazoshuhudia maisha yake. Mwandishi alidhani anaandika habari za mali ya bwana fulani. Leo bwana huyo hujulikana tu kwa sababu ya mtoto yule.

NENO KWA WALIMU NA WAKRISTU

Katika Yubile hii tunawaomba walimu na wazee wa parokia mambo matatu, nayo hayana gharama.

La kwanza, vitabu vya parokia vitunzwe mahali pakavu, mbali na mchwa na maji, na mtu asirarue ukurasa wala kufuta neno.

La pili, aandikaye aandike kwa ukamilifu. Mtoto asiye na baba anayejulikana aandikwe kwa heshima ile ile kama mtoto wa mkubwa wa kijiji. Yatima, mgeni, mkimbizi, mtoto wa mtumishi wa nyumbani, wote waandikwe jina lao lote, na la mama, na la mahali walipotoka. Mwandishi hajui ni nani kati yao atakayetafutwa baada ya miaka 100.

La tatu, kila nyumba iwe na daftari lake. Waketi watoto na bibi zao na babu zao, waandike majina ya waliotangulia, walitoka wapi, walihama kwa sababu gani, walizikwa wapi. Na kama habari ni mbili, ziandikwe zote mbili, pamoja na jina la yule aliyesimulia. Wazee wetu wengine wamebeba habari za utumwa na za safari ngumu, na huona haya kuzisema. Wasione haya. Aibu si ya aliyefungwa, ni ya aliyefunga.

Padre Augustine Tolton hakuacha mali, wala kanisa lake halikumalizika. Aliacha maisha ambayo yangeweza kupotea kabisa kama watu wachache hawangeandika na wengine hawangetafuta. Mungu, anayewajua walio wake hata pale ambapo kalamu imewaruka, atujalie sisi nasi tuandike vema majina ya ndugu zetu.